Kitanda cha Kuogea Uani

Mgongo huu unaonisumbua leo sikuzaliwa nao. Niliupata Msambweni, miaka ya hamsini, kwa kuinua mtu. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, aliamka alfajiri akataka kutia udhu, mkono wa kulia ukagoma, mguu wa kulia ukagoma, akaanguka ubavuni mwa mtungi. Tangu siku hiyo yeye akawa mtu wa kitandani na mimi nikawa mtu wa kumwinua. Nilikuwa kijana bado, sijajaliwa mtoto, basi watu wakasema alhamdulillahi, mkaza mwana ana nafasi. Nafasi! Ati asiye na mtoto ana nafasi. Lau ningekuwa na nafasi, ningelala.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini Mombasa. Alikuja mwisho wa mwezi, akakaa kidogo, akamshika mamake mkono, akalia, akarudi kazini. Simlaumu, riziki yetu ilitoka huko. Lakini kulia ni kazi nyepesi, na kisima chetu kilikuwa kirefu.

Mavyaa alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa wa kinywa. Enzi zake alikuwa mpishi wa maarusini, mwanamke wa kusimama mbele ya masufuria makubwa na kuwatukana wasaidizi wake wote bila kurudia tusi. Na alikuwa msafi, wallahi, msafi wa kukera. Alioga asubuhi akaoga jioni, akajifukiza udi, leso zake zikitoka sandukuni zinanukia asumini. Mtu huyo sasa alilala kwenye kitanda cha kamba, chumba cha ndani kisicho na dirisha, na mimi nikimpangusa kwa kitambaa na beseni. Maji yaliingia kwenye kamba, yakaingia kwenye godoro la sufi, yasikauke. Mgongo wake ulianza kuchubuka, kisha ukafanya vidonda. Harufu ilipoanza, yeye ndiye aliyeisikia mwanzo. Aliniomba nichome udi.

Dresa wa hospitali alikuja na baiskeli yake, akamwamkia mgonjwa kwa adabu, akamgeuza, akakata nyama iliyokufa vidondani, akamsafisha, akamfunika. Alipotoka uani akanawa mikono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kupooza hakutamwua upesi. Vidonda hivi ndivyo vitakavyomwua. Anatakiwa atolewe nje kila siku, aoshwe kwa maji mengi, apate jua mgongoni mpaka akauke. Vikifika mfupani, basi tena."

Nikamwuliza nitamwoshea juu ya nini. Chini ni tope, na mkeka ukirowa mara mbili umeoza. Akasema nitafute kitu kilichoinuka kisichoshika maji, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mume wangu alipokuja nikamwomba aite seremala. "Mwezi ujao, inshallah," akasema. Mwezi ujao wa mume wangu ulikuwa kama kiama, hakuna aliyejua siku yake. Nikangoja mwezi huo ukapita, na vidonda navyo havikungoja. Siku moja baada ya kufua na kupika nikaingia chini ya kitanda changu nikaburura sanduku la marehemu baba.

Baba alikuwa seremala upande wa Diani. Kaka zangu walishika bahari, hawakutaka hata kuziona zana zake, basi nilipoolewa aliziweka pamoja na vyombo vyangu, katikati ya masufuria na mikeka. Misumeno, randa, patasi, tezo, keekee ya kutobolea. Watu wa mume walipofungua walicheka mpaka wakakaa chini. Mavyaa alisema, "Tumeoa mwanamke au tumeoa fundi?" Nami utotoni nilikuwa nimemshikia baba ncha ya ubao siku nyingi sana, nikadhani kazi naijua. Kumbe kushika ubao si kuukata. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda aliumia vidole.

Kwanza nilihitaji mahali pa kufanyia kazi. Mwanamke hawezi kwenda kukaa barazani na randa, watu watasema nini? Palikuwa na uani tu, ndani ya ua wa makuti, na uani kwetu kila shubiri ina mwenyewe: jiko, kisima, choo, kamba ya nguo, banda la kuku, na njia ya kupitia yote hayo bila kukanyaga kitu. Nilidhani nitachagua kona na mambo yatakwisha. Nilichagua ukuta wa jiko, kwa sababu ya kivuli. Nikachimbia boriti mbili zenye panda, nikalaza ubao juu yake, hiyo ndiyo meza yangu. Siku ile ile cheche zikaruka jikoni zikaangukia maranda yangu, yale makapi membamba ya randa, yakashika moto fwaa! Nilimwagia mchuzi wa mchana kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Tukala ugali na chumvi, na mavyaa akauliza mchuzi uko wapi, nikamwambia umeungua. Sikusema uongo.

Nikang'oa boriti nikahamia karibu na kisima. Huko zana zikaanza kutu na mbao zikavimba. Nikang'oa tena. Safari ya tatu nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilikaa na kazi zangu za kawaida huku nikiangalia kivuli kinatembea vipi, moshi unaelekea wapi kusi ikivuma, ua una matundu wapi ambayo jirani huchungulia. Nikaona upande wa kibla, chini ya mwarobaini, ndiko kuna kivuli cha adhuhuri, hakuna moshi, na ua umeshonwa vizuri. Nikachimbia boriti zangu hapo, nikaezeka makuti machache juu, nikatundika zana kwenye paa mbali na mikono ya watoto wa watu. Ilikuwa karakana. Ndogo, imepinda, lakini yangu. Nakumbuka nilisimama pale nikafurahi, kisha mavyaa akaniita anataka kugeuzwa.

Kazi ilikuwa ya vipande vipande. Nikipiga randa mara kadhaa, naitwa. Nikikata nusu ya ubao, chungu kinafurika. Kitu cha kwanza nilichotengeneza ni kibao cha mbuzi, maana nilisema atakayekuna nazi juu yake ni mimi mwenyewe, kikiharibika hakuna wa kunilaumu. Nilikitoa kwenye mbao za kasha la dukani. Kiliyumba. Nilikata mguu mmoja kukisawazisha, kikayumba upande wa pili. Nikakata na huo. Mwishowe nikawa nakuna nazi magoti yamefika masikioni. Mavyaa alinisikia nikigongagonga sakafu ya chumba cha nje akasema kutoka kitandani, kwa ulimi wake uliokuwa mzito tangu alipoanguka, "Mwana wa watu, hicho ni kibao au punda?"

Baada ya hapo nikafanya kigoda cha miguu mitatu. Baba alikuwa akisema miguu mitatu haiyumbi hata ardhi iwe mbaya namna gani. Kweli hakikuyumba. Nikakisugua kwa majani ya msasa mpaka kikawa laini kama shavu. Nilikikalia siku nzima ile, nikachambulia mchele juu yake, nikaonea fahari makalio yangu.

Kisha nikaanza kile chenyewe. Mfenesi wa jirani ulikuwa umeangushwa na upepo, wapasuaji wakaupasua mbao, nami nikapewa makombo kwa kuwapikia chai na mihogo. Mbao za njano nzuri, ila utomvu wake ulinishika viganja nikawa nanata kila ninachogusa. Nilitaka kitanda kirefu kilichoinuka mpaka kiunoni, nisije nikainama tena. Juu yake mbao nyembamba zilizoachana kidogo kidogo, maji yapite, mgonjwa asilale ndani ya majimaji. Chini yake mfereji, ili maji yaende kwenye migomba na uani kusiwe tope. Kuzunguka kitanda, shuka za kusitiri, kwa maana mtu mzima haogi wazi. Nilifikiri kila kitu. Nililala macho wazi nikifikiri. Ila kitu kimoja tu sikukifikiri, na mtu yeyote wa pwani hii angekifikiri kabla hajashika msumeno.

Ilibaki kujua urefu wake. Nikachukua kamba, nikaingia chumbani, nikaiweka kisiginoni mwa mavyaa nikaivuta mpaka utosini, nikafunga fundo.

"Wanipimia nini?" akauliza.

"Tulia, mama. Utakiona kikiwa tayari."

Nilitaka nimfurahishe kwa ghafla. Alinitazama nilivyokuwa nikikunja kamba ile. Mchana ule hakula. Mimi nikasema moyoni, joto.

Kilichukua muda mrefu. Viungo nilivyokata mara ya kwanza vilikuwa vikubwa kuliko matundu yake, mara ya pili vikawa vidogo vikicheza ndani kama jino bovu. Patasi iliniteleza ikaniingia kiganjani, kovu ninalo. Asubuhi nilimgeuza mavyaa, nikateka maji, nikafagia, nikapika, nikamlisha, nikafua mashuka yake, na kilichobaki cha mchana nikaupa mfenesi. Jioni nilipokuwa nasujudu, kuinuka kulikuwa vita. Nilichoka mpaka nikawa siko tena na hasira, na mimi ni mtu wa hasira.

Siku kilipokwisha nilikisukuma hadi penye kivuli, kando ya karakana, mahali ambapo jua la jioni hufika. Kivuli pale kilikuwa kirefu kuelekea kibla, basi na kitanda nikakiweka hivyo, kichwa upande huo. Nikachimba mfereji chini yake. Nikatundika shuka nyeupe, kwa sababu za maua zilikuwa zimefuliwa hazijakauka. Nikajaza mitungi. Nikaegemea jembe nikakitazama. Mashaallah, nikasema. Hakiyumbi.

Jirani yangu wa upande wa kibla akaingia uani kuomba kaa la moto. Alikuwa na kigae chake mkononi. Akaona kitanda cha mbao zilizoachana. Akaona mfereji mbichi chini yake. Akaona shuka nyeupe, mitungi imejaa, na mimi nimeshika jembe, macho mekundu kwa usingizi. Kigae kikamponyoka.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun!" akasema. "Saa ngapi, shoga?"

Nikasema, "Saa ngapi nini?"

Hakunisikia. Alikwisha kujifunga leso kichwani na kutoa yowe, na yowe la jirani yule lilijulikana mpaka barabarani. Hapo ndipo na mimi nilipogeuka nikakitazama kitanda changu kwa macho ya mtu mwingine. Ya Rabbi! Nilikuwa nimechimba ufuo. Ule mfereji ambao kila nyumba huuchimba siku ya msiba, maji ya maiti yapite. Kitanda cha kuoshea maiti, ufuo chini yake, shuka za kusitiri, kichwa kibla. Hakikukosekana kitu ila karafuu maiti na pamba.

Wanawake walimiminika. Hata sikuwahi kufunga mlango wa ua. Wengine wameshaanza kulia, wengine wanauliza sanda imenunuliwa au bado, mmoja akanikumbatia akaniambia nilie nisijizuie. Nikawa nasema hajafa, hajafa, nao wakinipigapiga mgongo, pole, pole, ndivyo mtu husema mwanzo. Kisha ikatoka sauti chumba cha ndani, nzito, ya kuburura.

"Nani aliyekufa?"

Jirani yangu akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyekosea kwa kutokuwa na maiti.

"Nimeuliza. Nani aliyekufa?"

Wakatoka mmoja mmoja, wamejifunika midomo, na walipofika njiani nikasikia kicheko. Hicho kicheko kilinichoma kuliko patasi. Nilipoingia chumbani mavyaa alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Ndiyo maana ulinipima," akasema.

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nikamwambia maneno ya dresa, nikamwambia habari ya mbao na maji na jua na mgongo wangu. Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kitu hicho sitakilalia nikiwa na roho. Nikitoka roho mtanilaza, sitakuwa na la kusema."

Basi. Tukarudi kwenye beseni na kitambaa, katika kiza kile kile, na sasa hakutaka hata kugeuzwa vizuri. Kila nikimshika bega alidhani namtoa nje. Vidonda vikazidi. Kimoja karibu na kiuno kikawa kirefu, nikakisafisha huku nikizuia pumzi, naye akijua nazuia pumzi. Niliogopa. Kila nilipofungua kile kitambaa niliogopa nitaona mfupa. Nikambembeleza, nikamwapia kwa Mungu. Siku moja nikapiga kelele nikamwambia, "Basi oza! Oza nikutazame!" Nikatoka nje nikalia nyuma ya banda la kuku. Maneno yale niliyasema, na mpaka leo sijui mwingine angesema nini mahali pangu.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja. Habari alikwisha kuipata kivukoni Likoni, hebu fikiria! Akaingia uani, akakizunguka kitanda, akakigongagonga kwa vidole, nikaona hata yeye amekiona ni kizuri. Kisha akasema, "Kivunje kiwe kuni. Mama hali chakula kwa ajili ya kitu hiki."

"Kivunje wewe," nikamwambia. "Shoka lile pale. Ukishakivunja, ingia ndani umwoshe mamako."

Mwana wa kiume hamwoshi mamake, na yeye alijua, na mimi nilijua kwamba alijua. Akashika shoka, akalitazama, akaliweka. Akasema anakwenda kuswali. Swala ile ilikuwa ndefu, alirudi chakula kimepoa, na asubuhi akapanda basi akaenda zake Mombasa.

Siku ile ile mavyaa alisikia kimya uani akataka kujua kama kitanda kimevunjwa. Nikamwambia hakikuvunjwa. Akasema mimi ni mwongo, bila shaka nimekificha nimlaze akisinzia. Nikasema haya, njoo uone mwenyewe. Nikamweka kwenye mkeka nikauburura mkeka kwenye sakafu, taratibu, kitako kwa kitako, mpaka kizingiti cha uani. Hapo nikamwegemeza ubavu kwenye mito. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona anga tangu alipoanguka. Akakunja uso kwa mwanga. Kisha akakiona.

"Hicho," akasema.

"Hicho, mama. Mbao za mfenesi na misumari. Hakina meno. Tazama, mimi nitakilalia, na sitakufa."

Nikakwea. Nikajinyoosha chali, mikono ubavuni, nikatazama matawi ya mwarobaini. Nilikusudia kulala kidogo tu, kisha niinuke nimwambie umeona? Lakini sikuwa nimelala usiku uliotangulia, wala uliotangulia ule. Mbao zilikuwa baridi. Upepo ulipita chini yangu kwenye zile nafasi nilizoziacha. Mgongo wangu ukanyooka kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, na hilo ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka.

Nilizinduliwa na kitu kilichonishika mguu uliokuwa ukining'inia ukingoni. Kilinibana kifundo kwa nguvu, kucha zimezama. Nikaketi ghafla. Mavyaa alikuwa chini kando ya kitanda, kifudifudi mchangani, leso imemvuka nusu, mkono wake mzima umeinuka umenishika. Nyuma yake kulikuwa na alama ya mburuzo kutoka kizingitini, imepita jikoni, imepita kando ya kisima. Alikuwa amejivuta kwa mkono mmoja uani kote. Mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga.

"Nimekuita," akasema. "Nimekuita mpaka koo limenikauka. Husikii."

Nikaruka chini nikamgeuza, nikamtia kifuani mwangu, nikampangusa uso.

"Nikapiga yowe," akasema. "Nikapiga yowe watu waje. Hakuna aliyekuja."

Kweli hawakuja. Baadaye jirani yangu alinieleza kwamba walilisikia yowe wakaambiana, nyumba ile tena? Safari hii hatuendi.

"Nikasema amekufa," akasema mavyaa. "Nimemkatalia, basi Mungu kamlaza yeye. Macho yamefumba, kinywa wazi, nzi anatembea mdomoni."

"Sijafa, mama. Nimechoka. Nimechoka tu."

Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Siku aliyoanguka hakulia, wala dresa alipomkata nyama iliyokufa. Sasa machozi yalimchuruzika upande mmoja, ule upande wenye uhai, yakifanya njia kwenye mchanga.

"Ukitangulia wewe," akasema, "mimi nitaoshwa na nani?"

Nilimshika tu. Azana ya alasiri ikaanza msikitini ikaisha, na sisi tungali chini pale, kuku wakituzunguka.

Kisha akavuta pumzi, akajifuta kwa mkono mzima, na sauti yake ya maarusini ikamrudia kidogo. "Haya, wanitazama nini? Nimejaa mchanga kama samaki wa kukaanga. Niinue uniweke hapo."

Nikamwinua. Kiuno hiki nilichonacho leo, nadhani kilikatika kabisa siku hiyo, na sijuti. Nikamlaza kifudifudi kwenye mbao za mfenesi, nikafunga shuka pande zote, nikachanganya maji ya moto na ya baridi. Nikammiminia. Akashtuka, akashika ukingo, kisha nikaona bega lake linalegea. Maji yalipita kwenye nafasi yakaingia kwenye mfereji yakaenda kwenye migomba, hasa kama nilivyokusudia. Nikamwosha nywele. Nikamwosha shingo, nikamwosha mgongo, nikafika kwenye vidonda nikavimwagia polepole, na mwanga wote ulikuwepo, na vilikuwa vibaya, lakini mfupa sikuuona. Nikatafuta tena. Sikuuona. Hapo nikashindwa kujizuia, nikainama juu yake nikalia kwa kwikwi, kata ya maji mkononi.

Akageuza kichwa kidogo juu ya mbao.

"Lilia huko pembeni," akasema. "Machozi yana chumvi, yananichoma."